Kambi ya reli Kamina: karatasi kwanza, tofali nyuma



"Tufanye kambi iwe ya kisasa, tuipanue." Maneno haya ni matamu. Sisi vijana hatuyakatai. Nani atakataa nyumba isiyovuja? Lakini mbele ya kupiga makofi, tuulize: itapanuliwa kwa ajili ya nani?

Tukumbuke kambi ilitoka wapi. Kamina ni mji wa treni. Njia ya Lubumbashi mpaka Ilebo inapita hapa tangu miaka ya 1920, na mwaka 1956 iliunganishwa na ile ya Kabalo. Kisha vita ya pili ya dunia, Wabelgiji walitoa mpango wao wa miaka kumi, 1949-1959, na makampuni makubwa yalitaka mfanyakazi akae na familia yake karibu na kazi. BCK, kampuni ya reli, ilifanya hivyo. Nyumba ilikuja pamoja na kazi. Ukipoteza kazi, unapoteza nyumba.

Majina yamebadilika, mpaka SNCZ mwaka 1974 na SNCC ya leo, lakini ile kanuni haikufa. Mule kambini muko wazee waliochoka kazini, wajane, wajukuu. Wengi hawana karatasi yoyote yenye kusema: hapa ni pako. Sasa mtu asiye na karatasi atanunua manjanja mapya namna gani? Atajenga chumba cha pili kwa moyo gani, kama kesho anaweza kuambiwa atoke? Watu husema wakaaji wa kambi ni wavivu, wanaacha nyumba zianguke. Hapana. Hakuna mtu anayepaka rangi mlango ambao unaweza kufungwa mbele ya uso wake.

Angalieni kule Kinshasa. Bandalungwa ina umri uleule, lakini haikuwa kambi ya kampuni. Ilijengwa na Office des Cités Africaines, ofisi ya serikali ya kikoloni iliyoanza mwaka 1952 na kujenga nyumba karibu 40,000 mbele ya uhuru, pamoja na zile za Ruashi, Lubumbashi. Katika miji ile mtu aliweza kulipa kidogo kidogo mpaka nyumba ikawa yake. Matokeo yanaonekana: wenye nyumba wameongeza vyumba, wamejenga nyuma, wengine wamepandisha etaji. Hakuna aliyewasukuma.

Lakini Bandal inatufundisha jambo la pili pia. Kila mtu alijenga kivyake, fasi za wazi zikaliwa, maji ya mvua yakakosa njia. Karatasi bila plani inaleta msongamano. Plani bila karatasi inaleta kufukuzwa. Tunataka vyote viwili.

Kuna wenye kusema: kampuni haina franga, wacha ikate viwanja katikati ya manyumba, iuze, ilipe mishahara ya nyuma. Tunaelewa uchungu huo. Mishahara ile ni haki, si zawadi. Lakini lupango inauzwa mara moja tu, na deni la mwezi ujao litakuja palepale. Tena fasi ile si tupu. Ndipo maji yanapita, ndipo watoto wanacheza, ndipo musalani mpya itachimbwa ile ya zamani ikijaa.

Sheria iko. Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya nyumba inayofaa, ya maji safi na ya umeme. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Kwa hiyo hakuna mkubwa mwenye ruhusa ya kukata ardhi ya kambi ndani ya ofisi yake, mlango umefungwa.

Tunaomba meya, serikali ya jimbo na wakubwa wa kampuni mambo manne:

1. Wahesabu nyumba kwa nyumba: nani anakaa, tangu lini, kwa haki gani. Orodha ibandikwe hadharani.

2. Wenye kukaa wapewe nafasi ya kwanza ya kununua, kwa bei ya mtu wa pensheni, kulipa kidogo kidogo.

3. Mabomba ya maji na mifereji vitengenezwe mbele ya kuuza kiwanja kimoja kipya.

4. Upanuzi ufanywe pembeni ya kambi, kwa plani ambayo kila raia anaweza kuisoma.

Wakisema hawana watu wa kufanya kazi hiyo, tuko hapa. Mji huu una chuo kikuu, una wenye diploma wanaokaa barazani tangu asubuhi, una mafundi wa matofali wasio na kazi. Mutupe daftari na mita, tutapima.

Na ninyi munaokaa kambini: tafuteni leo karatasi za baba na babu, kitabu cha kazi, risiti, barua ya nyumba. Mufanye kopi. Siku ya kuhesabu ikifika, musikutwe mikono mitupu.

Kambi ilijengwa kwa jasho la wazazi wetu. Haitapanuliwa juu ya migongo yao.