Saba saba saba si sikukuu

Jamani, leo naandika kwa hasira. Picha ziligoma kupanda kwenye tovuti yangu. Fundi akaingia kwenye seva, iliyoko nje ya nchi, akaandika chmod 777, akaniambia: "Kaka, tayari." Kweli zikapanda. Siku chache baadaye makala zangu zikajaa matangazo ya kamari.

Hebu tuhesabu. Kusoma ni 4, kuandika 2, kuendesha 1, jumla 7. Saba ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ya kikundi chake, ya tatu ya yeyote mwingine aliyemo ndani ya seva. Na seva hizi za bei poa tumepanga wengi, kama nyumba ya uswahilini. Kila mpangaji kapewa ufunguo wa chumba changu!

Mafundi, acheni uvivu. Ulizeni kwanza faili ni la nani, rekebisheni kwa chown, kisha folda 755, faili 644. Basi. Leo wamechomeka kamari. Kesho wakichomeka sentensi kwenye habari yangu usiku, huyo niliyemwandika nitamjibu nini asubuhi?