Usalama wa mkemia nao ni ubora wa dawa

Oksitosini, dawa anayochomwa mama aliyejifungua ili asivuje damu kupita kiasi, ni peptidi, yaani mnyororo, wa asidi amino tisa tu. Lakini asidi amino haziungani kwa urahisi. Zikichanganywa hivi hivi, huishia kuwa chumvi, si mnyororo. Kinachohitajika ni kemikali ya kuunganishia, inayoamsha ncha ya asidi amino moja ishikane na inayofuata, kisha mabaki yake huoshwa na kutupwa. Kwa kuwa haitakiwi kubaki kwenye dawa, wengi huichagua kwa kuangalia wingi na usafi wa peptidi inayopatikana. Kigezo hicho hakitoshi. Afya ya anayeishika kila siku iwekwe kwenye mizani hiyo hiyo.

Historia ya kemikali hizi inatosha kutuonya. DCC, iliyotangazwa na Sheehan na Hess mwaka 1955, inaweza kumletea anayeigusa mzio mkali wa ngozi. HOBt, iliyoongezwa mwaka 1970 ili kupunguza kasoro za mnyororo, ikikauka inaweza kulipuka. BOP ya mwaka 1975 huacha HMPA, kemikali iliyowapa wanyama wa maabara saratani. Hata HATU, inayosifiwa kwa nguvu zake, imeripotiwa kumletea mtafiti mzio wa kutishia maisha. Zote zilisifiwa kwa kazi yake kwanza. Madhara yalihesabiwa baadaye.

Wapo watakaosema glavu na mtambo wa kuvuta mvuke vinatosha. Ni vya lazima, lakini mzio hujengeka polepole, na mwili ukishaizoea vibaya kemikali, hata chembe ndogo huamsha hatari. Wengine watasema mbadala nao hauna usalama kamili. Ni kweli: Oxyma, iliyopendekezwa mwaka 2009 badala ya HOBt kwa kuwa hatari yake ya kulipuka ni ndogo, mwaka 2019 ilionekana kutoa sianidi ya hidrojeni ikitumiwa pamoja na DIC, kemikali nyingine ya kuunganishia. Lakini hoja hiyo haitetei mazoea ya zamani. Inadai kila kemikali ichunguzwe kabla ya kuaminiwa. Vyuo vikuu vyetu vinavyofundisha kemia ya dawa viingize uchunguzi huo katika mitaala na katika zabuni za ununuzi, kabla mwanafunzi hajafungua chupa ya kwanza.