Tuupime Mfano Kabla ya Kuukubali

Siku ya mwisho ya mwanafalsafa Socrates, mwaka 399 KK, rafiki zake walikusanyika gerezani Athens. Jua likitua angekunywa sumu, kama alivyohukumiwa. Walijadili kama roho hufa pamoja na mwili, na kijana Simmias wa Thebes akaleta mfano: huenda roho mwilini ni kama mwafaka wa sauti katika kinubi kilichokazwa nyuzi vizuri. Hauonekani, haushikiki, ni mzuri kuliko mbao na nyuzi zenyewe; lakini kinubi kikivunjika, nao umekwisha.

Waliokuwapo wakafadhaika. Mwanafunzi wake Plato anasimulia katika kitabu chake Phaedo kwamba hata waliyokwisha kuyasadiki yaliwaponyoka. Hiyo ndiyo nguvu ya mfano mzuri: huingia moyoni kabla akili haijapata nafasi ya kuuliza.

Socrates hakumkemea kijana wala hakumcheka. Aliushika mfano wake akaufuata hatua kwa hatua. Mwafaka wa sauti huja baada ya kinubi kuundwa, nawe, Simmias, umekubali kwamba roho ilikuwapo kabla ya mwili, utashika lipi? Tena sauti hufuata tu jinsi nyuzi zilivyokazwa, ilhali roho huweza kuupinga mwili: mtu ana kiu, naye anajizuia asinywe. Simmias aliuacha mfano wake mbele ya wenzake wote, akikiri kwamba ulimjia bila ushahidi, kwa kuwa tu ulielekea kuwa kweli. Mimi naona ni ushujaa mkubwa.

Si kwamba Plato aliichukia mifano. Majadiliano yake yamejaa matabibu, wafumaji na washona viatu, hata Callicles, anayebishana na Socrates katika Gorgias, analalamika kwamba haachi kutaja watu wa namna hiyo. Lakini katika Sophist tunaonywa tujihadhari na mfanano kuliko kitu kingine chochote, maana unateleza.

Basi tumpime hata Plato mwenyewe. Katika Jamhuri anaifananisha dola na merikebu ambayo mabaharia wanagombea usukani, huku nahodha wa kweli, ajuaye nyota na majira, akidharauliwa. Ni kweli kwamba kuongoza kunahitaji ujuzi. Lakini katika safari ya baharini abiria ndio wanaoamua waendako. Nahodha anajua njia tu. Mfano hautuambii nani aichagulie nchi bandari.

Nasi tuna mifano yetu. Mara ngapi tumeambiwa taifa ni familia na kiongozi ni baba? Upo ukweli humo: tunahitajiana, na mwenye nguvu ana wajibu kwa mnyonge. Ila baba hachaguliwi na wanawe, wala muda wake hauishi, wala hawatolei hesabu za fedha. Tukiumeza mfano mzima, tunameza na hayo.

Nawaomba, hasa walimu, wanahabari na ninyi mnaohudhuria mikutano ya vijiji na mitaa: someni Phaedo pamoja, kwa sauti, mkisimama pale Simmias anapozungumza. Na msemaji akileta mfano mkutanoni, mwulizeni kwa heshima: vitu hivi viwili vinafanana wapi, vinaachana wapi, na hoja yako imesimama upande upi? Mpeni nafasi ya kujibu. Naye akiuacha mfano wake kama Simmias, mshukuruni.