Kabati la Nyumba Lisiloonekana

Juma hili tumerejea kutoka Kisii, tulikokwenda kumpa hongera jamaa yetu aliyejifungua, na habari tuliyoikuta katika nyumba tuliyofikia twaiona inazihusu nyumba zetu za Pwani vilevile.

Mwaka uliopita simu ya mama wa nyumba hiyo iliharibika, ikapelekwa kwa fundi. Ilirudi baada ya siku nne, nzima kabisa. Haukupita mwezi, picha za arusi ya bintiye, zilizopigwa katika hafla ya wanawake peke yao, zikaonekana katika simu za vijana wa mtaani. Hatutaeleza zaidi ya hapo. Mama alituambia, "Nilimpa simu aitengeneze. Picha sikumpa."

Baada ya msiba huo nyumba ilikaa kikao. Wakakata shauri kwamba picha, vyeti vya kuzaliwa, hati ya shamba na sauti za wazee zitoke katika simu, zihifadhiwe katika seva moja ndani ya nyumba. Wazazi wenye watoto katika shule za msingi za umma huenda wamekwisha kuisikia: mradi wa Serikali wa vifaa vya kidijitali, ulioanza mwaka 2016, ulizipelekea shule seva iliyojazwa masomo, ili mwanafunzi asome pasipo kutumia intaneti. Ya nyumbani ni jambo lilo hilo, kwa udogo.

Aliyeifanya kazi ni wifi wa mama yule (wifi wa ukoo, si ile ya hewani). Alichukua tarakilishi kuukuu, akaitia diski mbili, akaiunga kwa waya na ruta ya nyumba, akaweka programu ya bure iitwayo OpenMediaVault. Tangu hapo kila simu ya nyumbani hulifungua kabati hilo, hata kama fedha za intaneti zimekwisha.

Kabati lina watoto wake. Kuna la watu wote, kuna la masomo, na kuna la wanawake, ambalo baba mwenyewe hana neno la siri lake, naye aliridhia. Bibi ndiye aliyeuliza swali lililowashika wote: "Na huyu aliyelitengeneza, hana ufunguo wa yote?" Anao. Msimamizi wa seva aweza kuingia kila mahali, na hapa ndipo nyumba nyingi zinapokosea, kwa kudhani kuwa neno la siri la mtumiaji humzuia na msimamizi. Leo msimamizi ni wifi. Kesho aweza kuwa kijana wa kuajiriwa. Kwa hiyo picha za wanawake husimbwa kwanza katika simu ya mwenyewe, ndipo zipelekwe kabatini. Msimamizi huona kwamba kuna kitu, asijue ni nini.

Sitara ilipatikana, usalama ulikuwa bado. Diski zile mbili zilipangwa ziwe kama uso na kioo: kinachoandikwa huku huandikwa na kule, hivyo moja ikifa nyingine hubaki. Wakaona yatosha. Siku moja mtoto wa miaka sita akafuta faili za sauti za babu yake marehemu, naye kioo akafuta kwa uaminifu uleule. Zilipona sauti chache tu, ambazo dada wa marehemu, akaaye Nyamira, alikuwa amezinakili zamani. Bibi hakumgombeza mtoto. Alikaa kimya siku nzima, na wenyeji wetu wakasema kimya kile kilikuwa kizito kuliko matusi.

Ndipo ikanunuliwa diski ya tatu. Kila mwezi hutiwa nakala, iliyosimbwa pia, ikapelekwa Nyamira kwa shangazi huyo. Moto, mwizi au radi vikiifikia nyumba ya Kisii, ya Nyamira ipo.

Radi tumeitaja kwa makusudi. Nchi ile ya milima i karibu na Ziwa Viktoria, na alasiri nyingi unyevu wake hugeuka mvua ya ngurumo. Watu hukumbuka kuchomoa waya wa umeme, wakausahau ule uletao intaneti kutoka nje. Nao, ukiwa ni wa shaba, waweza kuuleta msukumo wa radi hadi ndani ya seva. Katika nyumba ile nyaya zote mbili huchomolewa mawingu yanapokusanyika, na kazi hiyo amepewa mtoto yuleyule aliyefuta sauti.

Vijana walitaka kabati lifunguke hata wakiwa Nairobi. Wifi alikataa, nasi twamuunga mkono. Mwaka 2022 programu haribifu iitwayo Deadbolt iliziingia seva za QNAP zilizokuwa wazi kwenye intaneti, ikazifunga faili za watu, kisha wenyewe wakadaiwa fedha ili wafunguliwe. Anayetaka kitu huwapigia walio nyumbani.

Likabaki swali la mauti: mwenye neno la siri akifariki, nani atafungua? Maneno yote yameandikwa kwa mkono katika karatasi, ikatiwa bahasha, nayo imo ndani ya kasha la bibi, chini ya kanga zake. Haikupelekwa Nyamira, kwa kuwa huko ndiko iliko diski.