Kuhamahama si Kushindwa



Juzi kwenye kiwanja nilisikia wengine wanamucheka mwenzetu mmoja, eti: "Huyu hii ni shule yake ya tatu, hatafika fasi yoyote." Mimi sikubali hata kidogo.

Mnamujua Bismack Biyombo? Ni mtoto wa Lubumbashi, mzaliwa wa 1992, mcheza basket. Mwaka 2011 aliingia ekipe ya Charlotte, huko Marekani. Kisha akapita Toronto, Orlando, tena Charlotte, halafu Phoenix, Memphis na Oklahoma City, na mwaka 2025 San Antonio. Ekipe saba! Memphis walimuachisha kazi Januari 2024. Mwezi uliofuata Oklahoma City wakamuita. Kwa nini? Yeye si fundi wa kutia mipira mingi kikapuni. Kazi yake ni kuzuia, na kudaka mipira iliyokosa kikapu. Siku moja ya 2016, akiwa Toronto, alidaka 26. Basi popote penye kukosekana muzuiaji, wanamukumbuka.

Baba yake alikufa 2021. Biyombo akakaa kwanza bila kucheza. Aliporudi, kule Phoenix, mshahara wa msimu ule akautoa kujenga hospitali huku Congo, kwa ukumbusho wa baba.

Wengi wetu tulibadili shule sababu ya vita, hapana kwa kupenda. Basi tusiulizane "umepita shule ngapi?" Tuulizane "unajua kufanya nini?" Tafazali, kesho mumupe ule mwenzetu balo, naye acheze.