Mwalimu Mgeni na Furaha za Kijiji: Maoni Kutoka Ufipa

Wanachuo wanapokaribia kumaliza masomo yao, mazungumzo ya bwenini hugeuka. Habari za mitihani huachwa, na habari za vituo vya kazi huanza. Nani atapelekwa wapi? Katika mazungumzo hayo jina la Sumbawanga halikosi kutajwa, na likitajwa hufuatwa na kicheko au na kimya. Tumemsikia kijana mwenye afya na akili timamu akiapa kwamba heri akae nyumbani bila kazi kuliko kupangiwa Ufipa. Sababu zake zilikuwa zile zile za siku zote: uchawi, na radi ambazo eti hutengenezwa na watu.

Hatumcheki kijana huyo, kwa kuwa nasi tulikuwa hivyo hivyo. Sisi ni wazaliwa wa Pangani. Mwaka 2011 tulipopangiwa shule moja ya kijiji katika uwanda wa Ufipa, jamaa walikuja kutuaga kana kwamba tunakwenda vitani. Barabara ya kutoka Tunduma ilikuwa bado inajengwa, na tulifika Sumbawanga tukiwa wekundu kwa vumbi, tukitetemeka kwa baridi ya Julai ambayo mtu wa pwani haijui hata kwa kuota.

Kwanza na tuliondoe hilo la uchawi, maana si shabaha ya makala haya. Wenyeji hueleza kwamba jina Sumbawanga limetokana na maneno yenye maana ya "tupa uchawi". Ni agizo kwa anayeingia: kama unao, uache huko nje. Basi jina ambalo lingepaswa kumtuliza mgeni ndilo linalomtisha! Ama radi, mji uko juu ya uwanda wenye kimo cha zaidi ya mita 1,700, na milima ya Mbizi iliyo jirani yake hupita mita 2,400. Mvua zinyeshapo kati ya Novemba na Aprili huja na ngurumo nyingi, kama ilivyo kawaida ya nchi za juu. Mwalimu wa sayansi anayeihofia radi ya Sumbawanga, lakini hajapata kuuliza kama paa la shule yake lina kinga ya radi, ameielekeza hofu yake mahali pasipo pake.

Tunalotaka kulijadili ni jambo ambalo huenda likaonekana dogo, nalo ni starehe. Tunadai kwamba mwalimu aliyepelekwa ugenini anahitaji kuyafurahia maisha ya watu anaokaa kati yao, na kwamba bila furaha hiyo ufundishaji wake hupungua. Vyuoni hatulifundishi jambo hili. Tena mara nyingi tunafundisha kinyume chake. Tunamwambia mwanachuo ajiheshimu, asizoeane na watu, awe kielelezo. Maneno hayo ni mazuri, ila kijana huyatafsiri hivi: afunge mlango, na Ijumaa jioni apande gari kwenda mjini.

Ndivyo tulivyofanya sisi kwa miezi ya mwanzo. Saa za kazi tulifundisha kwa bidii. Azimio la kazi lilikamilika, maandalio ya masomo yalikuwa safi, na mkaguzi angetusifu. Lakini watoto wa Darasa la Kwanza walikuwa kama mawe. Tukiuliza swali, waliinamisha vichwa. Tukitamka neno, walilirudia kwa pamoja kama mwangwi, kisha kimya. Tuliandika katika daftari letu kwamba watoto wa pale ni wazito. Tunaona haya kuyakumbuka maneno hayo.

Mwezi Oktoba bibi wa mmoja wa watoto hao alifariki, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Siku ya mazishi sisi tulikuwa ndani, tunasahihisha madaftari. Tulijiambia kwamba hatumjui marehemu, hatuijui lugha, na dini yetu si yao, basi tutakwenda kufanya nini? Hakuna aliyetulaumu. Wafipa ni watu wa adabu, na salamu zao si za kupita njia. Mtu husimama, huinama kidogo, hupiga makofi taratibu, huuliza habari za nyumbani moja baada ya moja. Jumatatu tulisalimiwa vile vile, kwa ukamilifu ule ule, lakini baada ya salamu hakuna aliyebaki kuzungumza nasi. Siku ya nne tulichukua kilo mbili za sukari tukaenda msibani, tumechelewa na tumefadhaika. Mzee wa nyumba akatupisha kwenye kigoda, akatutazama kwa muda, akasema, "Karibu, mwalimu. Tulidhani umehama."

Hapo ndipo tulipoanza kukaa kijijini. Kabla ya hapo tulikuwa tukilala tu.

Hatutasimulia yote yaliyofuata, ila mambo mawili matatu yanahusu kazi yetu moja kwa moja. La kwanza ni kilimo. Wafipa wana ufundi wao wa zamani wa kutengeneza matuta ya mviringo yaitwayo intumba. Mvua zikikaribia kwisha, majani hukusanywa na kufukiwa chini ya udongo, nayo huoza humo ndani na kuwa mbolea. Juu ya tuta hupandwa maharage. Msimu unaofuata tuta hubomolewa, udongo wake ulionona husambazwa, na shamba hupandwa ulezi au mahindi. Tulipoalikwa kulima pamoja na majirani, kwa ule utaratibu wa kualikana ambapo mwenye shamba huwapikia wasaidizi wake pombe ya ulezi, tulikwenda na jembe jipya na mikono laini. Tuta letu la kwanza lilisimama kwa dakika moja, kisha likaporomoka. Wanafunzi wetu, waliokuja na wazazi wao, walicheka mpaka wakakaa chini. Msichana mmoja wa Darasa la Kwanza, ambaye hatukuwahi kuisikia sauti yake, akaja akatushika mkono, akatuonyesha namna ya kugeuza donge la nyasi ili mizizi itazame juu. Alitueleza kwa Kifipa. Hatukuelewa, akarudia. Hatukuelewa tena, akacheka, akatafuta neno la Kiswahili, akalikosa, akatafuta jingine, akalipata nusu.

Wasomaji wetu watambue lililotokea hapo. Mtoto yule ambaye darasani hakuthubutu kukosea, shambani alikosea Kiswahili mara tatu bila haya, kwa sababu aliyekuwa mbele yake alikuwa mjinga kuliko yeye. Tangu siku hiyo tulifahamu kwamba mtoto wa Darasa la Kwanza naye yuko ugenini. Ametoka nyumbani kwenye lugha ya mama, ameingia katika jengo ambalo kila kitu kinatajwa kwa Kiswahili, na mbele yake amesimama mtu mkubwa asiyekosea kamwe. Wiki iliyofuata tulianza kila kipindi kwa dakika tano ambazo watoto ndio walikuwa walimu. Walitufundisha neno moja la Kifipa, tulilitamka vibaya, walitusahihisha, kisha sisi tukawapa la Kiswahili. Masomo yaliendelea kuwa ya Kiswahili, kama sera inavyotaka. Tulichokifungua ni mlango tu. Kufikia Juni darasa lile lilikuwa na kelele hata mwalimu mkuu akaja kuuliza kuna nini.

Jambo la pili ni jioni. Mwanahistoria Kathleen Smythe, katika kitabu chake *Fipa Families* cha mwaka 2006, ameeleza jinsi malezi ya watoto wa Ufipa yalivyokuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa bibi na babu. Mabadiliko yamekuwa mengi, lakini sisi tumekaa kwenye majiko ya mabibi kama hao, tukiota moto pamoja na wajukuu, tukisikiliza hadithi ambazo hatukuzielewa vema mpaka zilipotafsiriwa na mtoto wa Darasa la Tano. Ilikuwa ni burudani tupu. Hatukwenda na kalamu wala hatukuwa tunafanya utafiti. Tunalisisitiza hili kwa sababu tumewaona walimu wanaokwenda kwa watu kama wanaokwenda kukagua, na watu huwajua mara moja.

Hata hivyo mengi yalirudi darasani yenyewe. Babu mmoja alitueleza habari za malungu, zile tanuri ndefu za udongo walizotumia mababu kuyeyushia mawe ya chuma. Urefu wake unaweza kufikia mita tatu, na ziliwaka kwa upepo uliojivuta wenyewe kupitia matundu ya chini, pasipo mivukuto. Mivukuto ilitumika baadaye, katika tanuri ndogo ya kukisafisha chuma. Kazi hiyo ilikoma katika karne ya 20, majembe ya dukani yalipoenea, lakini mabaki ya tanuri yangali yanaonekana katika sehemu mbalimbali za uwanda. Darasa la Sita walikuwa wakipita kando ya moja kila siku wakienda kisimani, na sisi tulikuwa tukiwafundisha historia ya chuma kwa kuwachorea picha ubaoni!

Sasa tujibu hoja ambayo wasomaji wetu wanaingojea, yaani pombe. Sisi hatunywi, na tulihofu kwamba kwa hilo tungehesabiwa kuwa wenye kiburi. Haikuwa hivyo. Mara ya pili tulipoalikwa kulima, mama mwenye shamba alikuwa ametuwekea kibuyu cha togwa, pembeni, kimefunikwa. Hakuna aliyesema neno. Mwenye kunywa na anywe kwa kiasi baada ya kazi, lakini asijidanganye kwamba chungu cha pombe ndicho kijiji chote. Tumewaona walimu walioipenda klabu kuliko ubao, waliokopa mpaka wakawa wanazunguka nyuma ya nyumba ili wasionwe na wenye pombe zao. Na wapo waliofanya lililo baya kuliko hilo, waliotumia mazoea na wazazi ili kuwasogelea mabinti zao. Hao hatuwaiti walimu wapenda watu. Mahali pao ni mbele ya sheria.

Kwa walimu wanawake njia si ile ile. Mwalimu msichana anayekaa peke yake hutazamwa kwa jicho kali, na akionekana jioni katika mkusanyiko wa wanaume, maneno hayakawii. Lakini wenzetu kadhaa walituonyesha kwamba milango yao ni mingi kuliko yetu: kwaya ya kanisa, vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, maandalizi ya harusi, mazungumzo ya kisimani. Mmoja wao, mwenyeji wa Kilimanjaro, alikijua Kifipa katika mwaka mmoja kuliko sisi katika mitatu. Alikuwa na utani pia, silaha ambayo mwalimu mgeni anayejua kuitumia hafi upweke.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba furaha ya kijiji ni badala ya nyumba ya mwalimu, wala ya mshahara unaofika kwa wakati. Mwalimu anayelala katika chumba kinachovuja ana haki ya kulalamika, na ngoma ya Jumamosi haitaziba bati. Lakini tumewaona wawili waliokaa katika nyumba za namna moja, kwa mshahara mmoja. Mmoja aliomba uhamisho mara nne. Mwingine alipopata uhamisho asiouomba, kijiji kizima kilisimama barabarani kumsindikiza, naye alipanda gari akilia hadharani kama mtoto.

Pendekezo letu kwa vyuo ni dogo. Wanachuo waendapo katika mazoezi ya kufundisha, wakufunzi tusitosheke kukagua maandalio ya masomo na zana. Tumwulize mwanachuo Jumamosi alikula kwa nani, amefundishwa nini na watoto, na alichekwa kwa jambo gani. Sisi tulianza kuuliza hivyo kwa kundi tunalolisimamia. Mwaka wa kwanza wengi walitutazama kwa mshangao. Mwaka jana kijana mmoja kutoka Mtwara, aliyekuwa na alama za wastani na aibu nyingi, alitujibu kwamba hakuwa na nafasi ya kukaa nasi sana siku hiyo: maharage ya jirani yalikuwa yanavunwa, naye alikuwa ameahidi kufika kabla jua halijawa kali. Tulitia sahihi daftari lake palepale, tukaacha gari shuleni, tukamfuata kwa miguu.