Ngara isubiri mche safi kabla ya kupanda machungwa

Mkulima wa Kanazi, wilayani Ngara, akiuliza apate wapi miche mizuri ya michungwa, jibu la haraka litakuwa Muheza. Ni jibu linaloeleweka. Wilaya hiyo ya mkoa wa Tanga imelima machungwa ya biashara kwa miongo mingi, aina zake kama Msasa na Valensia zinajulikana sokoni, na wanunuzi wa Kenya huyafuata hadi shambani. Lakini sifa ya aina haimhakikishii mkulima kwamba mche aliouziwa ni mzima. Kwa maoni yangu, Ngara isiagize miche ya jamii ya mchungwa kutoka mbali hadi mkoa wa Kagera uwe na kitalu chake cha miche iliyopimwa.

Hali ya hewa ndiyo inayonifanya nishikilie hivyo. Muheza ni nchi ya joto, na ndiyo maana chungwa la kule huiva ganda likiwa bado kijani: bila usiku wa baridi rangi haigeuki. Sehemu kubwa ya Ngara iko juu ya mita 1,200, baridi ipo, na mtu angedhani hapo mkulima ameshapata faida. Bahati mbaya baridi hiyo humfaa pia Trioza erytreae, mdudu mdogo anayeeneza ugonjwa wa grining wa Kiafrika. Joto kali na ukavu humuua, miinuko yenye ubaridi humstawisha. Geuza jani changa la mlimao alioushambulia: juu kuna vipele, chini kuna vishimo, na ndani ya kishimo mtoto wa mdudu amejibanza akifyonza utomvu. Mti ukishaugua, majani hupata mabaka ya njano yasiyolingana pande mbili za mshipa wa kati, na matunda yanakuwa madogo, yamepinda, machungu, mbegu zimesinyaa. Dawa ya kuuponya haipo. Wakulima wa nyanda za juu za Kenya wameshapoteza michungwa mingi kwa ugonjwa huu. Tena mdudu si njia pekee: kikonyo kikikatwa kwenye mti mgonjwa na kubebeshwa, mche unatoka kitaluni ukiwa umeshaambukizwa, huku machoni ukionekana mzima kabisa.

Wapo watakaosema kwamba michungwa na milimao imesimama nyuma ya nyumba zao miaka yote na wanakula matunda. Ni kweli, ila mingi ya miti hiyo ilioteshwa kwa mbegu, tena imetawanyika, mmoja hapa na mwingine kule. Shamba la miti mia kadhaa iliyobebeshwa vikonyo vya asili moja ni jambo jingine. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la muda na fedha: kitalu chenye wavu wa kuzuia wadudu na miti mama iliyopimwa maabara ni gharama, na mkulima anataka kuuza Rusumo na Kabanga mapema. Nakubali gharama hiyo si ndogo. Lakini mche wa kubebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Anayegundua ugonjwa wakati huo amepoteza ardhi, mbolea na palizi za miaka yote hiyo, na bado ana kazi ya kung'oa.

Kagera haihitaji kufundishwa somo hili na wageni. Mnyauko wa bakteria wa migomba uligunduliwa Muleba mwaka 2006, na miongoni mwa vilivyousambaza ni machipukizi ya migomba na visu ambavyo havikusafishwa. Kituo cha utafiti cha TARI Maruku kipo Bukoba, na kazi ya kuthibitisha ubora wa mbegu na miche ni ya TOSCI. Halmashauri za Ngara na Biharamulo zikae na taasisi hizo mbili, zitenge fedha za kitalu kimoja cha pamoja, na hadi hapo mkulima asinunue mche wa mchungwa unaouzwa kando ya barabara bila cheti.